Kompyuta Kuukuu ya Mpanda Bado Ina Kazi

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Mwenye kompyuta mpakato ya mtumba mjini Mpanda, mkoani Katavi, asikimbilie kuiuza. Linux, mfumo endeshi mbadala ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, haina ada ya leseni, na leseni yenyewe inaruhusu kuinakili. Hapo ndipo Katavi inaponufaika zaidi: faili la Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, lenye karibu gigabaiti 3, likipakuliwa mara moja kwa bando la mtu mmoja na kuandikwa kwenye flashi, laweza kuzungushwa hadi Mlele na Mpimbwe pasipo kosa lolote. Flashi hiyo huwasha kompyuta bila kugusa diski, hivyo unapima kwanza sauti, intaneti na printa. Ukiridhika, hifadhi nyaraka zako pengine, kisha usimike Linux.

Wapo wasemao huu ni mfumo wa wataalamu na Wazungu. Lakini mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Programu hizi ni huria, maana yake hakuna wa kumwomba ruhusa ya kutafsiri. Pingamizi zito zaidi ni programu za uhasibu zinazokubali Windows tu. Mwenye kuzitegemea abaki nazo, au aweke mifumo yote miwili. Ila mwanafunzi anayeandika, kusoma na kuperuzi hahitaji zaidi ya Linux.