Mama Aliyepoteza Kichanga Asiachwe Peke Yake

Mwenzetu akifiwa na mzazi, twakaa naye msibani siku kadhaa. Lakini mimba ikiharibika, au mtoto akizaliwa mfu, mara nyingi twamwambia, "Pole, utapata mwingine," kisha twaondoka. Maneno hayo humchoma, kwa kuwa anamlilia huyu, si mwingine.

Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2021 watoto milioni 1.9 duniani walizaliwa wafu baada ya wiki 28 za ujauzito au zaidi.

Tumsaidieje? Twende tukakae naye, hata bila maneno mengi. Tumwulize kama alimchagulia mtoto jina, tulitaje. Tukumbuke kuwa maziwa huweza kujaa siku chache baada ya kujifungua. Kitambaa cha maji baridi humpunguzia maumivu. Tumpikie, tumfulie, lakini nguo za mtoto tusiziondoe bila idhini yake. Baba naye apewe pole; naye amefiwa.

Aliyeajiriwa Tanzania Bara ajue haki yake: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 84 za ziada zenye malipo, mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka.

Zikipita wiki mbili hali wala halali, tumsindikize hospitali. Akisema anatamani kufa, twende siku hiyo hiyo.

Akina mama, majirani wakisharudi makwao, sisi tubaki. Mwezi ujao tumbishie hodi tena.