Dhana ya Ujifunzaji wa Mashine na Matumizi Yake ya Kila Siku: Mfano wa Tafsiri ya Kiswahili

Ujifunzaji wa mashine ni utaratibu unaoiwezesha kompyuta kubaini ruwaza katika data bila kuandikiwa kila kanuni. Mwaka 1959, Arthur Samuel aliudhihirisha kwa programu ya mchezo wa drafti iliyoimarika kadiri ilivyocheza. Leo huchuja barua taka, hupendekeza maneno kwenye simu na hutafsiri matini. Hata hivyo, mashine hurithi mazoea ya data. Katika sentensi "Daktari amemaliza kazi yake", kimilikishi -ake hakibainishi jinsi, ilhali Kiingereza kwa kawaida hubainisha. Mashine hukisia kwa kufuata mifano iliyokithiri: daktari huweza kufanywa mwanamume, muuguzi mwanamke. Kwa hiyo, tafsiri yaweza kuwa sahihi kisarufi na bado ikampotosha msomaji. Mhakiki hana budi kurejelea muktadha.