Ameacha Ngano, Mbona Tumbo Bado Linamsumbua?



Kuna swali ambalo huja kwa sura mbalimbali lakini kiini chake ni kimoja. Mtoto, au mama mwenyewe, ameambiwa hospitali asile tena chochote chenye ngano. Nyumba nzima imejikusanya, mkate umeondolewa mezani, maandazi ya asubuhi yamesita. Wiki ya pili tumbo limejaa gesi. Wiki ya tatu hapati choo. Bibi anasema, "Si niliwaambia? Huyu mtoto mnamuua njaa, mpeni mkate wake." Na baba, ambaye tangu mwanzo hakuuelewa vizuri ugonjwa wenyewe, anaanza kumuunga mkono mama yake.

Hapo ndipo wengi huvunja miko. Na wakishaivunja, ugonjwa hurudi kimyakimya, kwani mara nyingi hauumi siku ile ile. Kwa hiyo tulieleze jambo hili taratibu.

Gluteni ni ile protini inayoufanya unga wa ngano ukikandwa uvutike kama mpira. Imo katika ngano na kila kitokacho kwenye ngano: unga mweupe, unga wa atta, suji, tambi, boko boko, shurba ya ngano. Imo pia katika shayiri na nafaka iitwayo rai. Mwenye ugonjwa wa siliaki akila gluteni, kinga ya mwili wake hugeuka na kuushambulia utumbo mwembamba. Ndani ya utumbo huo kuna vijinyweleo vidogo mno ambavyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Vikishambuliwa hulala na kupukutika, na chakula hupita bila ya kuchukuliwa. Ndiyo maana mtoto anakula vizuri lakini hakui, au mama anapewa dawa za damu mwaka hadi mwaka na damu haipandi.

Si maradhi ya Wazungu peke yao, kama wasemavyo baadhi ya watu. Utafiti uliotangazwa mwaka 1999 uliwapima watoto wa Sahara Magharibi wanaoishi kwenye kambi za wakimbizi huko Algeria, Waislamu kama sisi, na ukakuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wanao. Na kwamba ngano ndiyo chanzo, hilo lilithibitishwa na daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alikuwa akiishuku ngano tangu miaka ya 1930. Ilipoingia njaa kali ya vita katika baridi ya 1944 na 1945, mkate ukaadimika, na watoto wake wagonjwa wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaumwa tena. Mwaka 1950 akaandika tasnifu yake juu ya jambo hilo.

Kabla ya yote, je, alipimwa?

Nauliza hivi kwa sababu wapo wanaoacha ngano kwa kusikia tu kwa jirani au kwa kuona kwenye simu. Ugonjwa huu hupimwa kwa damu, na mara nyingi huthibitishwa kwa kuchukua kipande kidogo cha utumbo kwa mpira wa kamera. Vipimo hivyo vinahitaji mtu awe bado anakula ngano. Akiiacha mwezi mmoja au miwili kisha akaenda kupima, kipimo kinaweza kuonyesha hana kitu naye anacho. Ikiwa mmeshaacha bila ya kupima, msirudie wenyewe. Mwelezeni daktari, yeye ndiye atakayesema arudie kula kwa kiasi gani na kwa muda gani kabla ya kipimo. Inawezekana pia kwamba siyo siliaki kabisa. Wapo ambao tumbo lao halipatani na aina ya wanga uliomo ndani ya ngano, na wanga huo huo umo kwenye vitunguu maji na vitunguu thomu. Huyo ataacha mkate, lakini pilau lenye vitunguu vingi litamfurisha vile vile, na familia itachanganyikiwa.

Tuseme alipimwa na ikathibitika. Basi jambo la kwanza la kutazama ni kama ngano kweli imetoka nyumbani.

Sisi watu wa visiwani Allaah ametupa neema: wali, muhogo, ndizi, majimbi, viazi vikuu, shelisheli, mahindi, mtama, wimbi, samaki na nazi. Vyote hivi havina gluteni. Mwenye siliaki wa Unguja au Pemba hahitaji mkate wa paketi wa bei ghali kutoka nje. Lakini ngano hapa kwetu inajificha. Urojo huo tunaoupenda hufanywa mzito kwa unga wa ngano. Bajia ni za dengu au kunde, lakini wapo wauzaji wanaotia ngano ili zishikane. Vitumbua na mkate wa kumimina asili yake ni mchele, ila kuna mpishi anayeongeza vijiko viwili vya ngano na hakwambii mpaka umuulize. Samaki wa kukaanga hupakwa unga. Soseji, hata zile zenye alama ya halali, mara nyingi hutiwa ngano. Sosi ya soya hutengenezwa kwa ngano, na baadhi ya vidonge vya mchuzi vinayo. Vinywaji vya kimea, vile visivyo na kileo vinavyonunuliwa sana Ramadhani, na poda nyingi za kinywaji cha chokoleti, vina shayiri. Chipsi ni viazi vitupu, lakini mafuta yake ndiyo yaliyokaangiwa sambusa na maandazi tangu asubuhi.

Na jina lenyewe la shayiri linatuchanganya. Kwetu watu huiita shayiri hata ile oti ya kopo ya kupikia uji. Shayiri ya kweli ina gluteni na hailiwi. Oti yenyewe wagonjwa wengi huistahimili, ila mara nyingi huwa imechanganyika na ngano mashambani na viwandani. Miezi ya mwanzo iacheni kabisa.

Mtu atasema: chembe mbili tatu za unga zitafanya nini? Zinafanya. Kipande kimoja cha mkate kina takriban gramu 2 za gluteni au zaidi. Watafiti waliwapa wagonjwa miligramu 50 tu kwa siku, yaani chembe ya mkate, kwa miezi mitatu, na utumbo ukaonyesha kuharibika. Kwa hiyo chuma kilichochoma chapati kisichomewe mkate wake wa mchele mpaka kioshwe vizuri. Chujio la tambi lisichuje wali wake, maana vitundu vyake havisafishiki. Mahindi yake yakisagwa, muulizeni mwenye mashine kama hapo husagwa ngano pia.

Kuna na sinia. Tunakula pamoja, na hilo ni jambo jema lenye baraka. Lakini mkono uliovunja mkate ukaingia kwenye wali wa sinia moja, umeshauingiza unga. Mpakulieni mgonjwa mwanzo, kabla ya mkono wowote kuingia, kwenye sahani yake, na akae pale pale na wenzake. Mtoto hana haja ya kupelekwa kula jikoni kama aliyetengwa.

Ikiwa ngano imetoka kweli na tumbo bado, tazameni maziwa. Vile vijinyweleo vilivyoharibika ndivyo vinavyotoa kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Mpaka vipone, chai ya maziwa inaweza kumletea gesi, msokoto na kuharisha, na watu wakadhani ni ngano. Punguzeni maziwa kwa wiki mbili tatu muone. Mtindi mara nyingi huvumilika zaidi. Kwa wengi hali hii huondoka utumbo ukipona, ingawa wapo watu wazima wengi wa Afrika ambao maziwa huwasumbua hata bila ya maradhi yoyote.

Mafuta nayo. Utumbo ulioharibika haufyonzi mafuta sawasawa, na choo hutoka kingi, cha rangi ya kufifia, kinachoelea na kunuka sana. Mchuzi wa kasimele kila siku katika wiki za mwanzo ni mzigo. Pikeni kwa tui jepesi, kisha ongezeni kadiri anavyopata nafuu.

Kufunga choo, ambako ndiko kunakowatisha akina bibi, mara nyingi kuna sababu nyepesi. Mtu ameacha mkate na chapati, akashika wali mweupe na muhogo asubuhi na jioni, na makapi yamepungua. Apewe mchicha, kisamvu, bamia, papai, embe, na maji ya kutosha. Maharage na kunde ni nzuri, lakini zianze kidogo kidogo. Lowekeni usiku kucha, mwageni yale maji, mpike kwa maji mapya, gesi itapungua. Na mkumbuke kwamba wengi wa wagonjwa hawa hupewa vidonge vya madini ya chuma kwa ajili ya upungufu wa damu. Vidonge hivyo hufunga choo na hukifanya cheusi. Msiviache wenyewe. Mwambieni daktari, anaweza kubadilisha kiasi au aina.

Tende na asali ni vyakula vyenye heri, wala hatusemi viachwe. Lakini tende kumi na vijiko vya asali kwa mkupuo humjaza gesi hata mzima, sembuse huyu. Habbat sawdaa vile vile, atumie apendaye, ila haimruhusu mtu kula ngano juu yake. Hilo nalisema wazi kwa sababu wapo wanaouza dawa za tiba ya Kisunna huku wakiwaahidi wagonjwa kwamba watarudi kula mkate. Mpaka leo tiba ya siliaki ni kuacha gluteni maisha yote.

Na subira ina muda wake. Wengi huanza kuona nafuu ndani ya siku au wiki chache, lakini utumbo wenyewe hupona polepole: watoto mara nyingi ndani ya mwaka au karibu yake, watu wazima huweza kuzidi miaka miwili. Rudini kwa kipimo cha damu baada ya miezi sita na baada ya mwaka. Kikiwa kinashuka, mko njiani hata kama tumbo bado linanguruma. Kikibaki juu, kuna ngano inayoingia mahali.

Ikiwa hakuna ngano inayoingia na bado anaharisha, apimwe choo. Vijidudu vya jiadia, vinavyoingia kwa maji machafu, huleta dalili zinazofanana sana na siliaki, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Yapo pia maradhi ya utumbo mpana na ya kongosho yanayofuatana na siliaki, na hayo ni kazi ya daktari. Msingoje mkiona damu kwenye choo, uzito unaendelea kushuka, anaamka usiku kwa kuharisha, anatapika mfululizo, ana homa, au miguu inavimba.

Upande wa dini

Talbina imesihi kutoka kwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) katika hadithi ya Mama 'Aaishah, kwamba ni yenye kumliwaza mgonjwa, nayo ni uji wa shayiri. Kwa hiyo hutokea mtu mwenye nia njema akamletea mwenye siliaki bakuli la talbina. Asinywe. Kuiacha kwake si kuikataa Sunna, kwani tiba hutazamwa kwa hali ya mgonjwa, na kujidhuru kwa makusudi kumekatazwa. Na atakayealikwa akakuta boko boko, aache bila ya kukitia aibu chakula cha watu. Ndivyo alivyokuwa Mtume mwenyewe, akikipenda chakula hula, asipokipenda hukiacha.

Kuhusu funga, siliaki iliyotulia haimzuii mtu kufunga. Aliye katika wiki za mwanzo, anaharisha na amedhoofika, daktari mwaminifu akimwambia kufunga kutamdhuru, anayo ruhusa ya mgonjwa iliyotajwa katika Suratul Baqarah, na atalipa atakapopona. Fidia ya kulisha ni ya yule asiyetarajiwa kupona kiasi cha kuweza kufunga, na wengi wa wagonjwa hawa hawamo humo.

Anayetokwa na upepo au kuharisha mfululizo, hata hapati nafasi ndani ya wakati ya kutawadha na kusali, hukumu yake kwa madhehebu ya Imaam Shaafi'iy ni ya mwenye udhuru wa kudumu. Atajisafisha, atajizuia kwa kitambaa, atatawadha baada ya wakati kuingia na kusali papo hapo, faradhi moja kwa kila udhu na sunna azitakazo. Kinachomtoka baada ya hapo hakimharibii.

Na akiandikiwa dawa ya vimeng'enya vya kongosho, ajue kwamba aina nyingi hutengenezwa kutokana na nguruwe. Aulize kwanza kama ipo nyingine. Ikiwa haipo na daktari anaiona ni ya lazima, asiikatae wala asiinywe kwa kubahatisha. Aende kwa mwanachuoni na karatasi ya daktari mkononi, kwani dharura ina hukumu yake na kila hali hutazamwa peke yake.

Na Allaah Anajua zaidi.