Kiti cha Dereva ni Mgongo wa Familia

Katika nyumba za madereva wa mabasi na malori gari huzungumzwa sana: matairi, injini, dizeli. Kiti hakitajwi. Hata hivyo, dereva anapotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, safari ya zaidi ya kilomita 900, ni kiti kinachoubeba mwili wake saa zote hizo. Akirudi ameshika kiuno, ni sisi tunaomkanda kwa maji ya moto. Na mgongo ukigoma kabisa, ada za shule nazo hukwama. Kwa hiyo akina mama, jambo la kiti ni letu pia, hasa pale gari linapokuwa mali ya familia.

Kwa nini mgongo huumia

Wengi hudhani kukaa ni kupumzika. Katika miaka ya 1960, daktari Alf Nachemson wa Sweden alipima msukumo ndani ya gegedu zilizo kati ya pingili za kiuno. Aligundua kwamba mtu aliyekaa bila egemeo huzikandamiza kuliko aliyesimama.

Kwa dereva huongezeka mtikisiko. Uti wa mgongo wa mtu aliyekaa huathirika zaidi na mitikisiko ya mara nne hadi sita kwa sekunde, na magari makubwa hutoa mitikisiko ya kadiri hiyo hiyo. Ndiyo maana mwaka 2002 Umoja wa Ulaya uliwaagiza waajiri kuchunguza mtikisiko unaowapata wafanyakazi wao na kuupunguza.

Kiti laini si lazima kiwe kizuri

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Tunaona kiti kinachobonyea kama sofa, tunafurahi. Lakini sponji nene iliyo laini mno huuacha mwili uzame na kiuno kipinde, na gari likiruka humrusha dereva juu na chini zaidi. Kiti kizuri ni kile kilicho imara kidogo na kinacholingana na mwili wa anayekikalia.

Mambo ya kupima kabla ya kununua

1. Kikalio. Chukua futi ya kushonea, umpime baba akiwa amekaa, kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti. Kikalio kiwe kifupi kuliko kipimo hicho kwa upana wa vidole viwili au vitatu. Kikiwa kirefu, hubana mishipa nyuma ya goti, au humfanya aache kuegemea.

2. Egemeo. Lijaze bonde la kiuno, tena lilale nyuma kidogo tu.

3. Kimo na umbali. Akanyage klachi mpaka mwisho bila kuinua kalio, na ashike usukani bila kunyoosha mikono yote.

4. Kinachozuia mtikisiko. Viti vya malori makubwa huelea juu ya mfuko wa upepo unaojazwa na mfumo uleule wa breki za upepo. Kwa gari lisilo na breki hizo, tafuta kiti cha springi chenye shokapu. Kiti cha springi huwa na kirungu cha kupangia uzito. Dereva mwembamba akikalia kiti kilichopangwa kwa mtu mnene, ni kama hakuna springi.

5. Cha mtumba. Kijazwe upepo, dereva akikalie dakika kumi. Kikishuka, kinavuja. Kikiyumba kushoto na kulia, viungo vimekwisha.

6. Kufunga. Kifungwe kwa bolti katika sehemu imara zilizotengenezwa na kiwanda. Kiti kilichochomelewa ovyo kwenye bati kinaweza kung'oka katika ajali, hata kama dereva amefunga mkanda.

Kama fedha haitoshi

Usikate tamaa. Fundi viti anaweza kuondoa sponji iliyobonyea na kuweka ngumu zaidi. Taulo lililokunjwa likiwekwa kwenye bonde la kiuno husaidia sana. Pochi nene itoke mfuko wa nyuma, kwa maana humfanya mtu akae upande. Nawe mama unayeendesha gari la nyumbani, usikubali kuendesha na kiti kilivyoachwa na baba, kisogeze kwanza.

Kiti peke yake hakitoshi

Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walionyesha kwamba madereva wa mabasi ya London waliugua moyo zaidi kuliko makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa siku nzima. Basi tumsihi baba asimame kila baada ya saa mbili, atembee kidogo. Akifika, asikimbilie kubeba magunia. Mgongo uliokaa muda mrefu haujawa tayari kwa mzigo.

Maumivu yakishuka hadi chini ya goti, au mguu ukifa ganzi, aende kwa daktari mapema. Akishindwa kuzuia mkojo au akifa ganzi sehemu za siri, hiyo ni dharura. Afikishwe hospitali siku hiyohiyo.

Akina mama, safari hii gari likiingia gereji, tuulize habari za kiti kama tunavyouliza habari za matairi. Tairi hununuliwa jingine. Mgongo hauna duka.