Pikapu Kuukuu: Tafuta Chasisi Nzima, Injini Itapatikana

Anayetaka kufufua pikapu ya zamani kwa pesa kidogo huanza kwa kuuliza injini inangurumaje. Swali hilo humfilisisha. Injini mbovu hufunguliwa ikatengenezwa, au hung'olewa ikawekwa nyingine. Chasisi iliyoliwa na kutu hukatwa na kuchomelewa kipande kwa kipande, na hapo ndipo bajeti huzama.

Chukua mfano wa Toyota Hilux, iliyoingia sokoni mwaka 1968. Zile za mwishoni mwa miaka ya 1970 zina muundo rahisi: kebini na bodi ya mizigo zimefungwa kwa bolti juu ya chasisi, nyuma kuna springi za bapa, na injini za petroli hutumia karbureta. Fundi wa mtaani mwenye spana za kutosha huweza kuifungua yote. Kwa vipuri, pa kuanza kuulizia ni Kirinyaga Road jijini Nairobi au Gerezani, Dar es Salaam.

Siku ya kukagua, nenda mchana na sumaku, tochi na bisibisi. Sumaku isiponata mlangoni au kwenye madigadi, chini ya rangi kuna puti nene. Inua mikeka ya kebini uone sakafu. Kisha lala chini, uchokoe chasisi kwa bisibisi pale springi zinapofungwa na nyuma ya kebini, kwa kuwa tope hukwama huko na kushika unyevu. Kutu ya juujuu hukwanguliwa. Bisibisi ikizama, ondoka. Gari lililokaa pwani likaguliwe mara mbili, maana hewa ya chumvi haina huruma na chuma.

Sasa ndipo uitazame injini. Pima kompresheni kwa geji. Silinda zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, tia kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu, upime tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka. Kikibaki palepale, shuku valvu au gasketi. Kipimo hicho cha dakika chache hukuepusha na ovahoo usiyoihitaji.

Ukishanunua, pesa ya kwanza iende kwenye breki. Oili ya breki hufyonza unyevu wa hewani, na maji hayo hutafuna silinda za magurudumu kwa ndani. Badilisha oili, raba na paipu za mpira zote kwa pamoja. Fuata na steringi na matairi, kisha tangi la mafuta. Tangi lililokaa bila kitu hutunga kutu. Usipolisafisha, karbureta uliyoisafisha leo itaziba kesho. Na likivuja, asilichomelee mtu kwa kuwa tu halina petroli: mvuke uliobaki ndio unaolipuka. Kwenye umeme, kabla ya kununua waya mpya, safisha sehemu zote za ethi. Taa hafifu mara nyingi inadai hilo tu.

Bodi ifuate. Chuma kilichooza kikatwe, kiwekwe kipande kipya. Puti hunyonya unyevu; ukiipaka juu ya kutu unaihifadhia maji, na baada ya miezi michache rangi hutoka malengelenge. Chagua rangi isiyo ya metaliki. Ikikwaruzwa, kuipatanisha na rangi ya zamani ni rahisi zaidi.

Katika mapambo, kanuni ni moja: badilisha kile ambacho spana inaweza kukirudisha. Viti vilivyoshonwa upya, mikanda ya usalama, taa bora na rimu za saizi sahihi havidhuru kitu. Kuchoma springi kwa moto ili gari lishuke huua ugumu wa chuma chake, na hakuna spana ya kuurudisha. Ukibadilisha injini au rangi, peleka taarifa zikarekebishwe kwenye hati za gari kabla askari wa barabarani hajakuuliza.

Mpangilio huu una faida moja kubwa kwa mwenye mfuko mwembamba. Pesa ikikatika katikati ya safari, atabaki na pikapu isiyopendeza lakini inayosimama, inayokata kona na kubeba mzigo, hivyo inaweza kujitafutia rangi yake yenyewe. Aliyeanza na rangi atabaki na pambo la uani.