Neno, Maana na Sababu: Jinsi Wataalamu wa India ya Kale Walivyohoji Juu ya Lugha

Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa katika nchi ya Meru, na jina la Akheri limeunganishwa na kifo chao tangu hapo. Habari hizo zafahamika kwa kila anayesoma historia ya kanisa letu. Lisilokumbukwa sana ni kwamba chama kilichowatuma kilikuwa na shamba jingine la kazi, la zamani zaidi, kusini mwa India miongoni mwa Watamili. Kazi hiyo ilianzishwa Tranquebar mwaka 1706 na Bartholomäus Ziegenbalg pamoja na Heinrich Plütschau, waliotumwa na mfalme wa Denmark, na katika karne ya 19 ikarithiwa na Leipzig. Husimuliwa kwamba Ziegenbalg alijifunza Kitamili kwa kuketi chini pamoja na watoto wa shule, akiandika herufi mchangani kama wao. Basi, kabla ya kuuliza mlimani kwetu neno fulani lina maana gani, umisionari uliotuzaa ulikuwa umekwisha kuuliza swali lilo hilo katika nchi ambayo wataalamu wake walikuwa wakilichunguza kwa takriban miaka 2,000.

Makala hii inakusudia kueleza baadhi ya njia walizotumia wataalamu hao. Sikusudii kueleza dini ya Kihindu kwa ujumla, wala kumshawishi msomaji aichanganye na Injili. Ninachotaka tukitazame ni namna yao ya kuhoji. Mhubiri huamua kila Jumapili kama neno la Maandiko lipokelewe kama lilivyo au lichukuliwe kuwa mfano, na mara nyingi huamua pasipo kutoa sababu yoyote. Wataalamu wa India hawakumruhusu mtu kufanya hivyo.

Waliojishughulisha na lugha walikuwa wa makundi kadhaa. Walikuwako wanasarufi, warithi wa Panini, aliyeishi karne kadhaa kabla ya Kristo na kuieleza sarufi ya Kisanskriti kwa kanuni fupi zipatazo 4,000. Walikuwako watu wa Mimamsa, ambao kazi yao ilikuwa kufasiri Veda ili ibada na sadaka zitolewe ipasavyo. Walikuwako pia watu wa Nyaya, mabingwa wa mantiki. Wabudha nao waliingia katika mjadala. Dignaga alidai kwamba neno “ng’ombe” halitaji kitu fulani bali huondoa tu vyote visivyo ng’ombe. Hoja yake ni ya kina, lakini ingetupeleka mbali na shabaha yetu.

Tuanze na Nyaya, kwa kuwa wao ndio waliotengeneza umbo la hoja ambalo wengine walilazimika kulijibu. Hoja kamili kwao ina hatua 5, na mfano wao ni wa mlima. Mlimani kuna moto. Sababu ni kwamba kuna moshi. Kila palipo na moshi pana moto, kama jikoni. Na pasipo moto hapana moshi, kama ziwani. Mlima huu una moshi wa namna hiyo. Kwa hiyo mlimani kuna moto. Msomaji atambue kwamba mifano miwili inadaiwa: mmoja wa mahali ambapo vitu hivyo viwili vipo pamoja, na mwingine wa mahali ambapo vyote viwili havipo. Jiko na Ziwa Duluti, tungesema sisi. Tena walionya kwamba hoja yote huanguka ikiwa kile ulichokiona si moshi bali ni ukungu. Sisi tunaoishi chini ya mlima unaofunikwa na mawingu asubuhi nyingi hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Hapa niseme neno moja kwa ajili ya wanaopenda kusema kwamba jina la mlima wetu limetoka India, kwa sababu katika masimulizi ya Kihindu mlima ulio katikati ya ulimwengu huitwa Meru. Sauti zimefanana, ni kweli. Lakini kufanana kwa sauti peke yake hakuwezi kuwa sababu, kwa maana lugha zisizohusiana kabisa hupata maneno yanayofanana kwa bahati tu. Mtu wa Nyaya angekuwa wa kwanza kuikataa hoja hiyo, ijapokuwa ingeipa nchi yake sifa.

Njia hiyo ya kutazama kuwepo na kutokuwepo ndiyo waliyoitumia kuchunguza maneno. Mtoto hujuaje maana ya neno, hali hana lugha nyingine ya kuelezwa? Walijibu hivi. Mtoto amekaa karibu na wakubwa wawili. Mmoja anamwambia mwenzake, “Lete ng’ombe,” na mtoto anaona mnyama akiletwa. Bado hajui neno lipi ni mnyama na lipi ni tendo. Anajua jumla tu. Baadaye anasikia, “Funga ng’ombe,” na mnyama yule yule anafungwa. Kisha, “Lete mbuzi,” na mnyama mwingine analetwa. Neno moja likiondolewa na jingine kuwekwa, kitu fulani katika tukio kinabadilika na kingine kinabaki. Kwa kuweka na kuondoa, mtoto huufikia mpaka wa kila neno. Kumbe mwalimu wa lugha ni matumizi ya wazee, na wamisionari waliofika Tranquebar na Kilimanjaro walijifunza kwa njia hiyo hiyo kabla hawajaandika msamiati wowote.

Kutokana na mfano huo mmoja walizaliwa mahasimu wawili ndani ya Mimamsa. Kumarila, wa karne ya 7, alisema kwamba kila neno hutoa kwanza maana yake lenyewe, na ndipo maana hizo zinapoungana kuwa maana ya sentensi. Prabhakara alipinga: mtoto hakulikuta neno likiwa peke yake hata siku moja, bali alilikuta limeungana na mengine, kwa hiyo neno hutoa maana iliyokwisha kuungana. Bhartrihari, mwanasarufi aliyewatangulia, alikuwa amekwenda mbali zaidi kwa kusema kwamba sentensi ni kitu kizima, na maneno ni vipande vinavyokatwa na wanasarufi kwa ajili ya mafundisho.

Msomaji asidhani kwamba huu ni ubishi wa bure. Achukue kitenzi chetu “piga”. Tunapiga ngoma, tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga magoti. Anayepiga magoti hampigi mtu wala kitu. Prabhakara angesema: mwaona, “piga” haina maana inayosimama peke yake, bali huipata kwa mwenzake. Kumarila naye angejibu kwamba maana ya msingi ipo, nayo ni kugonga kwa mkono au kwa kifaa. Hizo nyingine zimetokana nayo, ama sivyo tutalazimika kusema kwamba yako maneno “piga” mengi kama kamusi ilivyo na mistari. Watu wa Mimamsa walishika kanuni kwamba si haki kulipa neno moja maana nyingi za msingi pasipo lazima. Mimi naona Kumarila ana nguvu zaidi kuhusu kamusi, na Prabhakara kuhusu tafsiri. Mfasiri wa Biblia anayebadilisha neno kwa neno ni mfuasi wa Kumarila aliyesahau nusu ya fundisho la mwalimu wake.

Kanuni hiyo ya kutozidisha inagusa hata jina la Mungu. Majirani zetu Wachaga humwita Mungu Ruwa, na neno hilo lina uhusiano na jua. Je, ni maneno mawili, au ni neno moja ambalo maana yake ya kwanza ni jua na nyingine ikafuata? Asiyehoji atasema upesi kwamba wazee waliabudu jua. Anayehoji ataweka na kuondoa: mzee akimshukuru Ruwa usiku wa manane, jua halipo, na sala yake haipungukiwi na kitu, basi neno katika sala hiyo halitegemei jua.

Kuhusu sentensi nzima, walidai mambo matatu. La kwanza ni matarajio: maneno yahitajiane. Mtu akisema “ng’ombe, farasi, mtu, tembo”, ametaja orodha wala hajasema lolote. La pili ni kufaa: anayesema kwamba bustani imemwagiliwa kwa moto ameunganisha maneno kwa sarufi safi, lakini mambo yenyewe hayaungani. La tatu ni ukaribu: neno moja likisemwa asubuhi na jingine jioni, hakuna sentensi. Wengi wao waliongeza la nne, yaani kusudi la msemaji.

Sasa tufike kwenye kanuni ambayo kwa maoni yangu ni ya thamani kuliko zote kwa mhubiri. Mfano wao ulihusu kijiji kilichosemwa kuwa kiko juu ya Ganga. Ganga ni mto, na kijiji hakikai juu ya maji. Kwa hiyo msikilizaji huelewa ukingo wa mto. Kwetu mtu husema anakaa Maji ya Chai, wala hakuna amfikiriaye kuwa ndani ya maji, achilia mbali chai. Waliita uhamisho huo wa maana lakshana, na wakaweka masharti matatu ambayo lazima yote yatimie. Kwanza, maana ya msingi iwe imezuiliwa. Pili, maana mpya iwe na uhusiano na ile ya msingi, kama ukingo ulivyo na mto. Tatu, iwepo sababu ya kusema hivyo: ama mazoea ya watu, kama jina la Maji ya Chai, ama kusudi maalum la msemaji. Anayesema kijiji kiko juu ya Ganga, badala ya kusema ukingoni, anataka tuhisi ubaridi na utakatifu wa mto huo.

Tuyapeleke masharti hayo mimbarani. Bwana aliposema kwamba yeye ni mzabibu, maana ya msingi imezuiliwa, kwa kuwa aliyesema ni mtu aliye mbele yao. Uhusiano upo, maana matawi huishi kwa shina. Kusudi nalo liko wazi. Masharti yote yametimia. Lakini mhubiri anayesema kwamba mitungi 6 ya Kana ni siku 6 za kazi, au kwamba punda wa Msamaria ni kanisa, amevunja sharti la kwanza. Hakuna kilichozuia mtungi kuwa mtungi. Mahubiri ya namna hiyo hupendwa sana, na watu hutoka wakisifu kina chake. Hata hivyo neno likishaachiliwa hivyo, mhubiri mwingine atasema mitungi hiyo ni jambo jingine kabisa, na hakuna njia ya kuwaamua.

Mzozo mkubwa wa Kilutheri juu ya jambo hili ulitokea Marburg mwezi Oktoba 1529, Luther na Zwingli walipokutana kujadili maneno ya Bwana juu ya mkate, kwamba ni mwili wake. Luther aliyaandika mezani kwa chaki. Zwingli aliweka mfano katika kitenzi: “ni” maana yake “huashiria”. Oecolampadius aliuweka katika neno “mwili”. Wahindi nao walikuwa wamejadili jambo la namna hiyo juu ya sentensi “mvulana huyu ni simba”: ni neno lipi hasa limebeba uhamisho wa maana?

Kwa masharti yale, Luther alikuwa na haki kudai kwamba mzigo wa uthibitisho uko kwa anayeiacha maana ya msingi. Zwingli naye hakukataa kutoa sababu. Alisema maana ya msingi imezuiliwa, kwa kuwa mwili wa Kristo umepaa na umeketi mkono wa kuume wa Mungu, na mwili hauwi mahali pawili. Luther akajibu kwamba mkono wa kuume wa Mungu uko kila mahali. Hapo ndipo kanuni ya lakshana inapotuonyesha ubishi ulipo. Hawakutofautiana juu ya sarufi. Walitofautiana juu ya lile sharti la kufaa: ni jambo gani linawezekana, na nani aliyesema.

Katika swali hilo la mwisho, Mimamsa haiwezi kuwa mwenzetu. Kwao Veda haina mtunzi, wala Mungu hakuitunga. Ni ya kuaminika kwa sababu hakuna msemaji awezaye kukosea au kudanganya. Nyaya walishika kinyume chake. Ushuhuda wa neno, walisema, ni mafundisho ya mtu wa kuaminika, na neno lina nguvu kadiri aliyelisema anavyojua na asivyodanganya. Pale mezani Marburg Luther alihoji kwa njia iliyo karibu na hiyo. Hakudai kwamba akili yake inaona jinsi mkate unavyoweza kuwa mwili. Alidai kwamba aliyesema anajua anachosema na anaweza kukitenda, na kwamba kwa hiyo maana ya msingi haijazuiliwa.