Chungu cha Mgeni

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko Masisi, katika milima ya Kivu Kaskazini, neno hilo lilitimizwa kwa namna ya pekee. Tangu mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji ilihamisha jamaa nyingi kutoka Rwanda, ikazikalisha Gishari, katika nchi ya Wahunde. Zilipewa jembe. Lakini shamba haliongezeki kama watoto waongezekavyo. Kwa hiyo jamaa nyingine zilishika chungu pia.

Kazi ya chungu hurithiwa. Nyanya huivisha ndizi shimoni, huzikamua, hutia maji na mtama uliokaangwa na kusagwa. Baada ya siku chache kasiksi iko tayari. Binti yake huipeleka sokoni, na kando yake huweka ugali, sombe na maharagwe. Mjukuu hufungua malewa, ndicho kibanda cha chakula, penye njia ya magari. Karo ya shule hutoka katika sufuria hiyo.

Wapishi na wauza pombe waliwafuata hata wachimba madini. Bisie, msituni Walikale, palifikiwa kwa miguu. Unga na bia vilibebwa mgongoni. Mwezi wa Septemba 2010 serikali ilikataza uchimbaji wa mikono, na katazo likadumu mpaka Machi 2011. Mwenye malewa aliyekopesha sahani zake, nani angemlipa?

Lakini hasara iliyo kubwa kuliko deni ni kukatika kwa ujirani. Machi 1993, katika soko la Ntoto, Walikale, Wanyarwanda waliuawa. Vita vikaenea mpaka Masisi, wakafa maelfu ya watu, wenyeji na wahamiaji. Vilianza sokoni, mahali ambapo watu huja kununua na kula pamoja.

Basi, akina mama wenye malewa, kazi yenu ni ya heshima. Msimnyweshe baba mpaka fedha ya karo iishe. Mteja akiingia, msimwulize kabila, mpeni kiti. Nasi tulao kwenu tulipe madeni yetu kwa wakati.

Siku ya mwisho Bwana wetu atatuuliza kama tulimpokea mgeni. Tusisahau kwamba katika Masisi na Walikale, mara nyingi mgeni ndiye aliyetupokea sisi, akatupa chakula cha moto.